Arbuni ya mapambo haijarudi, na kamati inanitazama mimi

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Morogoro mjini, na ninafanya biashara ndogo ya nguo za watoto. Mwaka huu mdogo wake mume wangu alioa, na katika kikao cha kwanza cha kamati ya harusi wajumbe walinichagua niwe mweka hazina kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, mimi ni mtu wa daftari. Nilikubali kwa moyo mweupe. Kwa miezi minne nilipokea michango, nikakumbusha ahadi, nikaandika kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, na kila Jumapili nikasoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya wajumbe bila mtu kunyoosha mkono kuuliza.

Mpambaji tulimpata kwa mjumbe mmoja aliyeiona kazi yake kwenye sendofu ya jirani, naye ana duka lake hapa hapa mjini. Tulikubaliana shilingi 3,600,000 kwa ukumbi wa watu 300, yaani meza kuu, viti na vitambaa vyake, maua, zulia la kuingilia maharusi na taa. Siku ya makubaliano nilimtumia arbuni ya shilingi 1,200,000 kwa simu, na mwezi mmoja baadaye nikamwongezea shilingi 800,000 kama alivyoomba, ili akanunue vitambaa vya rangi tuliyoichagua. Namba aliyonipa ilitokea jina la mwanamume, akasema ni la mumewe. Mara zote mbili aliniandikia, "Nimepokea dada, Mungu akubariki." Baadaye alinipa risiti ya kitabu, na chini yake umepigwa muhuri wenye maneno "Arbuni hairudishwi". Shilingi 1,600,000 zilizobaki tungemlipa mkesha wa harusi.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe akaacha kupokea simu. Alhamisi, wakati harusi ni Jumamosi, akatuma ujumbe kwamba vifaa vyake viko kwenye sherehe nyingine Dodoma na havitawahi kurudi, hivyo tutafute mtu mwingine. Sitausahau usiku ule. Mwenyekiti wetu na mimi tulizunguka hadi saa sita, tukampata mpambaji aliyetutaka shilingi 4,100,000 kwa kazi ile ile kwa sababu ya haraka, na wajumbe wakachangishana tena kwa simu ili fedha itimie. Harusi ilikwenda vizuri na maharusi hawakujua lolote.

Tangu hapo mpambaji yule amenirudishia shilingi 300,000 tu. Ameniahidi mwisho wa mwezi mara tatu. Nilipomwambia kwamba nimechoka, alinijibu kwamba risiti inasema arbuni hairudishwi, na kwamba hata hizo 300,000 alizitoa kwa utu. Wiki iliyopita akaja na jambo jipya: anasema atampambia mwanangu sherehe ya Komunyo ya Kwanza bure, tuyamalize.

Mama, kinachonitoa usingizi si yeye. Kikao cha kuvunja kamati kimeahirishwa mara mbili kwa sababu taarifa ya mwisho haijafungwa, na katika kikao cha pili baba mkubwa wa bwana harusi alisema mbele ya watu wote, "Fedha zilipitia kwenye simu ya mtu, tunataka kuziona." Hakunitaja, lakini wote waligeuka kunitazama. Mume wangu anasema nikope shilingi 1,700,000 kwenye VICOBA yetu, tuzirudishe, yaishe. Mpwa wangu ambaye ni askari anasema nimruhusu amweke mpambaji ndani siku mbili, fedha zitatoka. Vijana wa kamati wameandaa picha ya mpambaji na maneno makali, wanangoja ruhusa yangu waiweke mtandaoni.

Naomba unielekeze. Je, muhuri ule una nguvu? Nikidai, ninadai kama nani, na nadai kiasi gani? Na hapa katikati niishije na watu wa ukweni kwangu?

Mweka hazina, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu, kwa sababu ndani yake mna madai mawili ambayo uchungu umeyafunga kitita kimoja. Wewe unamdai mpambaji fedha, na dai hilo lina njia yake iliyonyooka ambayo nitakuonyesha. Baba mkubwa naye, kwa neno lile alilolisema kikaoni, amelishika jina lako. Ningekushauri ulitangulize hili la pili, ingawa najua mkono unawasha kumwandikia mpambaji leo leo. Ukienda kudai ukiwa na kamati nyuma yako utadai kwa utulivu na utakuwa na mashahidi, lakini ukienda peke yako, ukiwa unashukiwa na wale wale waliokutuma, utakubali lolote utakaloambiwa ili tu mambo yaishe.

Basi la kwanza kabisa: usikope. Namheshimu mume wako, na naelewa kwamba anataka kukuondolea aibu, lakini siku utakapoweka mezani shilingi 1,700,000 ambazo hukuzichukua, hakuna atakayesema kwamba umetenda wema. Watasema fedha zilikuwa kwako muda wote na sasa umeona haya ukazirudisha. Tena utakuwa umempa mpambaji maneno ya kusema, kwamba kamati imeshalipwa na hakuna tena anayemdai. Na riba ya VICOBA utailipa wewe na watoto wako kwa kosa la mtu mwingine.

Badala ya mkopo, nenda kwenye ofisi ya mtandao wako wa simu ukiwa na kitambulisho, uombe taarifa ya miamala ya miezi ile iliyohusika. Ni haki yako kwa sababu ni namba yako. Itaonyesha tarehe, saa, kiasi, namba ya mpokeaji na namba ya kumbukumbu ya kila muamala. Weka pembeni yake picha za ujumbe wa mpambaji unaosema amepokea, risiti ya kitabu, ule ujumbe wa Alhamisi, na risiti ya mpambaji wa pili. Kisha andika ukurasa mmoja, usizidi, ukieleza kwa tarehe kilichotoka, kilichorudi na kilichobaki. Mpelekee mwenyekiti na katibu kwanza, nyumbani, kabla ya kikao. Mwenyekiti alizunguka nawe usiku ule hadi saa sita, kwa hiyo anaujua ukweli wote, na kama amekaa kimya baba mkubwa alipokuwa akisema, huenda ni kwa sababu hakuna aliyemwomba azungumze. Mwombe.

Baba mkubwa usimkabili wewe. Ni mzee wa mumeo, na katika ukoo ulioolewa hata neno la haki likitoka kwako laweza kuitwa utovu wa adabu. Mume wako ndiye wa kwenda kwake, siku ya kawaida, akiwa na ukurasa ule mkononi, amwambie, "Baba mkubwa, ulitaka kuziona, nimekuletea uzione." Nadhani kazi hii itamfaa mume wako kuliko ile ya kutafuta mkopo, kwa kuwa katika barua yako nzima sikumwona akisimama kukutetea, na sidhani kwamba hakutaka, bali hakujua asimamie wapi.

Kikao kikikaa, ombeni mambo matatu yaandikwe kwenye muhtasari na kutiwa saini na mwenyekiti na katibu: kwamba kamati imekagua na kuona shilingi 2,000,000 zilikwenda kwa mpambaji kwa uamuzi wa kamati, kwamba wewe umeruhusiwa kuzidai, na kwamba zikipatikana zitakwenda kwa maharusi au kwa namna kamati itakavyoamua. Baada ya hapo kamati inaweza kuvunjwa hata kama fedha hazijarudi. Nimekaa kwenye kamati za harusi zaidi ya miaka ishirini, na nimeona watu wakiamini kwamba taarifa haiwezi kufungwa mpaka kila shilingi iwe mezani. Si kweli. Kiasi kilichobaki kinaandikwa kwenye taarifa kama fedha inayodaiwa, na jina la anayedaiwa linawekwa pale. Hesabu inafungwa, na jina linalosomwa mbele ya watu linakuwa la mpambaji.

Sasa tuje kwake.

Neno arbuni ni la zamani katika biashara zetu, na maana yake imejulikana siku zote: ni fedha ya kumfunga mteja, ili mwenye bidhaa au huduma asikatae wengine bure halafu mteja akaghairi. Mteja akighairi, arbuni inapotea kwake, na hilo ni haki, kwa sababu mpambaji amekwisha kuifungia tarehe hiyo na huenda amekwisha kununua vitambaa. Maneno ya muhuri ule yana maana katika hali hiyo. Hapa hukughairi wewe. Aliyeshindwa kutekeleza ni yeye, tena kazi nzima, na amekiri kwa maandishi yake mwenyewe siku mbili kabla ya harusi. Mtu hawezi kuvunja makubaliano kisha akajificha nyuma ya sharti lililowekwa kumlinda dhidi ya mteja anayevunja. Isitoshe, risiti ile ulipewa baada ya kulipa, wakati makubaliano yameshafanyika na fedha imeshatoka, nawe waweza kusema, kwa kweli kabisa, kwamba sharti hilo halikuwa sehemu ya mlichokubaliana.

Usihofu kwamba hamkuandikiana mkataba wenye kurasa na mihuri. Katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya watu wenye uwezo na hiari, juu ya jambo halali na kwa malipo halali, ni mkataba hata yakiwa ya mdomo, isipokuwa pale sheria inapotaka maandishi. Kupamba ukumbi hakumo katika hayo. Tena yenu si ya mdomo mtupu, kwa sababu mna ujumbe wa bei, rangi, tarehe na mapokezi.

Kiasi cha kudai ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo nivumilie niende polepole. Kifungu cha 73 cha sheria hiyo kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kulipwa fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa mwendo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea, na hasara ya mbali haimo. Hasara yako ya kwanza ni arbuni iliyobaki, shilingi 2,000,000 ukitoa 300,000, yaani shilingi 1,700,000. Ya pili ni nyongeza mliyolazimika kulipa. Hapa usiandike 4,100,000, kama nilivyowahi kuona mtu akifanya, kwa sababu mapambo mliyapata na hata mambo yangekwenda sawa mngelipa 3,600,000. Mlichopoteza ni tofauti ya bei hizo mbili, shilingi 500,000. Jumla ni shilingi 2,200,000. Kama mpambaji wa pili aliongeza kitu ambacho hakikuwamo kwenye makubaliano ya kwanza, toa thamani ya kitu hicho, maana dai lisilozidi kipimo ni gumu kulipinga.

Ile hofu ya usiku ule, na aibu ya kikaoni, ninaijua ukubwa wake, lakini usiiweke kwenye hesabu. Katika shauri la mkataba ni vigumu sana kuigeuza kuwa shilingi, na ukiijaza humo utalidhoofisha dai lako lenye ushahidi. Lililo la faida kwako ni kwamba hamkukaa mkalalamika, mlihangaika kupunguza hasara usiku ule ule, na kifungu hicho hicho kinataka jambo hilo litazamwe.

Kuhusu kudai kama nani, dai kwa jina lako. Kamati ya harusi haikusajiliwa popote na haina nafsi ya kisheria, hivyo haiwezi kufungua shauri wala kufunguliwa. Wewe ndiye uliyepatana naye, wewe ndiye uliyetuma fedha, na risiti unayo wewe. Ule muhtasari wa kikao utaonyesha kwamba unadai kwa niaba ya wenzako, na mwenyekiti na katibu watakuwa mashahidi wako. Jina la mume wake lililotokea kwenye simu lisikutishe pia, mradi una ujumbe wake akikupa namba ile na mwingine akisema amepokea. Simu hiyo itunze. Usifute mazungumzo, usiiuze, na kama kuna ujumbe wa sauti, usikubali upotee. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema ushahidi usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki, lakini itakubidi uonyeshe kwamba ni halisi na kwamba haukuguswa, na simu yenyewe inasema zaidi ya picha iliyochapwa. Kuanzia leo, kila atakapokupigia badala ya kuandika, ukikata simu mwandikie, "Kama tulivyozungumza leo, umeahidi kulipa kiasi fulani tarehe fulani." Akinyamaza, maandishi yako yapo, na akijibu, umepata kukiri kwake.

Sasa mwandikie barua ya madai. Iwe fupi na isiwe na tusi hata moja, kwa kuwa huenda siku moja hakimu akaisoma. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Tulikubaliana upambe ukumbi wa harusi kwa shilingi 3,600,000. Nilikulipa arbuni ya shilingi 2,000,000 kwa miamala miwili, nawe ulithibitisha kuipokea. Siku mbili kabla ya harusi ulinijulisha kwa maandishi kwamba hutaifanya kazi hiyo, na hukuifanya. Umerudisha shilingi 300,000. Nadai shilingi 1,700,000 zilizobaki katika arbuni, pamoja na shilingi 500,000 zilizoongezeka kwa kumlipa mpambaji mwingine, jumla shilingi 2,200,000, zilipwe ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Muda huo ukipita bila malipo wala makubaliano ya maandishi, nitafungua shauri mahakamani bila kukupa taarifa nyingine."

Weka tarehe za kila jambo na namba za kumbukumbu za miamala. Andaa nakala mbili, upeleke dukani kwake ukiwa na mtu mzima mwingine, atie saini kwenye nakala yako. Akikataa kusaini, aliyefuatana nawe aandike nyuma yake siku, saa na mahali, kisha ipige picha barua hiyo na umtumie kwenye simu.

Nikuambie ninavyoona hali yake, kwa sababu itakusaidia katika kupatana. Wapambaji wengi hutumia arbuni ya harusi hii kununulia vitu vya harusi iliyotangulia, na mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, wa mwisho ndiye anayeumia. Yawezekana fedha yenu haipo tena, na ndiyo sababu anakupa mwisho wa mwezi usiofika, kisha anakupa mapambo ya Komunyo, kwa kuwa nguvu kazi na vitambaa ndivyo alivyonavyo. Sisemi hivyo ili umsamehe deni. Nasema hivyo ili ujue kwamba akiombwa kiasi chote kwa mpigo huenda akakimbia, ila kwa awamu anaweza kulipa. Akija baada ya barua, shilingi 1,700,000 usiziguse kwa namna yoyote, lakini zile 500,000 kamati inaweza kukubali kuziacha iwapo atalipa haraka. Mfano, atoe 600,000 siku ya kusaini, kisha 550,000 mwisho wa mwezi unaofuata, na 550,000 mwezi wa baada yake. Yaandikwe kwamba awamu moja ikikosekana, deni lote la 2,200,000, ukitoa alizokwisha kulipa, linadaiwa mara moja. Asaini yeye, usaini wewe, na mashahidi wa pande zote mbili. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa wake anaweza kuwaketisha na kushuhudia, na mara nyingi mtu anayekwepa simu hakwepi wito wa mwenyekiti wa mtaa anaoishi.

Mapambo ya Komunyo yakatae. Fedha ile si yako, ni ya michango ya watu, na ukipokea huduma kwa ajili ya mwanao utakuwa umelipwa wewe kwa deni la kamati, na neno la baba mkubwa litakuwa limepata miguu. Mjibu kwa maandishi, kwa adabu, kwamba deni ni la kamati na linalipwa kwa fedha.

Mpwa wako mshukuru, kisha mwambie hapana. Polisi si wakusanya madeni, na kumweka mtu ndani ili alipe deni la makubaliano kunaweza kumponza mpwa wako kazini na wewe ukageuka kuwa mlalamikiwa. Kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu lipo katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, lakini udanganyifu unaozungumzwa pale ni wa kusema uongo juu ya jambo lililopo au lililokwisha kuwapo, huku msemaji akijua ni uongo. Kuahidi kazi ya mbele na kushindwa kuifanya peke yake hakufiki hapo. Ila ukigundua, kwa mfano, kwamba alikuonyesha picha za kazi za watu wengine akidai ni zake, au kwamba siku anapokea fedha yenu alidai ana vifaa ambavyo hajawahi kuwa navyo, basi hilo ni jambo jingine, nawe una haki ya kwenda kituoni mchana kweupe, kufungua jalada na kupewa namba yake, bila jamaa yeyote kupitia mlango wa nyuma.

Vijana nao waifute picha ile. Najua hasira yao ni ya kukutetea, lakini kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuna madai ya kuchafua jina. Neno moja tu lililozidi ukweli, kama kumwita mwizi wakati mahakama haijasema, litampa yeye kesi dhidi yenu na kuigeuza fedha yenu kuwa jambo la pembeni. Atakayekwenda kuwauliza vijana hao kuhusu mpambaji huyo, wamweleze kilichotokea kama kilivyotokea. Hiyo inatosha.

Siku 14 zikipita kimya, nenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo lenye duka lake. Usiiogope. Shughuli zake zinaendeshwa kwa Kiswahili, na mtu wa kawaida anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Madai ya deni la mkataba ya kiasi chenu yamo ndani ya uwezo wake, ambao kwa madeni ya namna hii unafika shilingi milioni 30. Karani atakuelekeza namna ya kuandika madai, utalipa ada, na mdaiwa ataitwa kwa hati ya wito. Gharama zako tunza risiti zake, kwa sababu ukishinda unaweza kuomba zirudishwe. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kupanga maelezo, tafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu inaweza kukuelekeza walipo.

Kwa uzoefu wangu wa kuwasindikiza watu, wadaiwa wengi wa namna hii hulipa, au huomba kupatana, wanapopokea wito, kabla hata shauri halijasikilizwa. Lakini nisikufiche: kushinda na kulipwa ni vitu viwili. Asipolipa baada ya hukumu, itabidi uombe kukaza hukumu, na mahakama inaweza kuamuru alipe kwa awamu au mali yake ikamatwe na kuuzwa, isipokuwa vile vitu ambavyo sheria inavilinda, kama mavazi, matandiko, vyombo vya kupikia na zana za kazi za fundi. Kwa hiyo anza sasa kujua, bila kumpeleleza, ana nini kisichokuwa vifaa vya kazi. Muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka sita, hivyo hujachelewa, lakini biashara za mapambo hufungwa na kuhama usiku mmoja, nami nisingengoja hata miezi sita.

Jumapili hii usiende kikaoni na daftari peke yake. Nenda na ile taarifa ya miamala kutoka ofisi ya simu, umpe katibu aisome yeye kwa sauti, wewe ukiwa umeketi. Barua ya madai iwe tayari kwenye bahasha, na mkitoka hapo mwombe mwenyekiti afuatane nawe kuipeleka, maana naye alikuwapo usiku ule.

Mama Mshauri